Noelene Kotzur, Aliyeng'oa Paa la Nyumba Yake

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, jikoni, garini, au barazani mkingoja joto lipungue. Leo sifungui kipindi kwa muziki. Marehemu aliwahi kuniambia kwamba muziki wangu unafukuza hata mende. Basi leo tuuache.

Tunamkumbuka Noelene Kotzur. Noelene Kotzur amefariki Jumanne, hospitalini, huko Adelaide. Hapa kwetu Alice Springs alikuwa mkandarasi wa kuua wadudu. Mkandarasi mwenye leseni. Kama nyumba yako ni ya zamani kidogo, basi Noelene amewahi kulala kifudifudi chini ya sinki lako na tochi mdomoni.

Wengine mnaijua sauti yake kwa sababu ya studio hii. Kila kiangazi alikuwa akija hapa kujibu maswali yenu. Kuna bwana mmoja alipiga simu. "Noelene, kuna buibui mwenye mgongo mwekundu, yule wa sumu, chini ya kiti cha choo. Nifanye nini?" Noelene akamwuliza, "Umeshakaa?" Bwana akasema, "Ndiyo, nimekaa." Noelene akasema, "Basi simama polepole, baba, kisha ndipo unipigie simu."

Lakini swali lililokuja kila mwaka lilikuwa la mchwa. Jibu lilikuwa lile lile. Ukiona njia ya udongo inapanda ukutani, usiguse. Usibomoe, usipulizie dawa ya dukani, usichokonoe kwa kisu. Usiguse. Watoto wa mji huu walikuwa wakimwona barabarani wanampigia kelele, "Usiguseee!" Naye anawapungia mkono.

Sababu yake aliieleza hivi. "Mchwa akishtuka anahama. Ukimwacha atulie, atakula chambo changu, atakibeba hadi kwao, atamlisha na mama yake. Ndio mwisho wao. Ukimbomolea njia, anajenga nyingine mahali usipoona. Na hapo hata mimi siwezi kukusaidia."

Kumbukeni maneno hayo, wasikilizaji wapendwa. Kisa cha leo kimekaa juu yake.

Noelene alizaliwa Broken Hill, binti wa mchimba madini. Alikuja hapa na mumewe, Clem Kotzur, wakiwa wameoana majuzi tu, na pikapu moja na pampu moja. Clem alikuwa anatambaa chini ya sakafu za watu na unga wa dawa. Noelene alikuwa juu, anakoroga unga huo kwenye ndoo kwa kijiti. Siku hizo barakoa ilikuwa kitu cha majambazi. Clem akitoka kule chini alikuwa mweupe kama mwoka mikate. Wanakaa nyuma ya pikapu, wanakula pai za nyama kwa mikono ile ile, wanacheka.

Unga ule ulikuja kupigwa marufuku baadaye. Nyumba za watu zilikuwa zimeshapona. Mapafu ya Clem hayakupona.

Clem aliposhindwa kupanda ngazi, Noelene alikwenda kufanya mtihani, akapata leseni kwa jina lake. Akaandikisha jina hilo kwenye mlango wa pikapu, juu ya jina la Clem. Clem akalitazama, akasema, "Haya. Sasa mimi ni mke wa fundi."

Binti yao, Petrina, anaishi Darwin. Nilizungumza naye jana. Aliniambia, "Mama hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa mtu wa kuosha vyombo. Ukisikia sahani zinagongana jikoni, ujue mambo ni mabaya."

Mwaka ule wa mwisho wa Clem, sahani ziligongana sana.

Clem alikuwa kitandani, kitanda cha magurudumu cha wagonjwa, na mashine ya hewa ikinguruma pembeni mchana kutwa. Madaktari walisema tiba iliyobaki iko Adelaide. Ndege ya wagonjwa ingemchukua. Clem akakataa. Alimshika mkewe mkono akamwambia, "Nole, nikipandishwa ndege ile, mtanirudisha kwenye sanduku. Sitaki. Nyumba hii niliijenga mwenyewe. Nataka nifie humu."

Noelene akamwambia, "Humu humu, Clem. Nakuapia."

Ahadi ni hiyo, wasikilizaji wapendwa. Clem afie nyumbani kwake. Noelene hakuwa na jambo lingine duniani mwaka ule.

Ilikuwa Januari, jua kali. Noelene alikuwa anafagia chumba cha Clem. Kwa mazoea ya kazi tu, akagonga fremu ya mlango kwa mpini wa bisibisi. Mtu mwingine angesikia mbao. Yeye alisikia boksi tupu la viatu.

Akagonga juu. Tupu. Akagonga chini. Tupu. Akasogeza kabati, akauona udongo. Njia nyembamba, mbichi, imepanda pembeni ya fremu hadi ukutani.

Clem akauliza kutoka kitandani, "Nani anabisha hodi?"

"Hakuna mtu."

"Nole. Nimefanya kazi hiyo kabla yako. Mlango umeliwa?"

"Umeliwa."

Clem akacheka mpaka akakosa pumzi. Alipoipata akasema, "Umeua mchwa wa mji mzima, wa kwako umewafuga."

Ni kweli. Nyumba za wateja alikuwa anazikagua kila mwaka. Yake alikuwa anaisogeza mbele, wiki ijayo, mwezi ujao, Clem akipata nafuu.

Sasa sikilizeni jinsi alivyobanwa. Dawa ya kawaida ni kutoboa sakafu na kuimimina ardhini kuzunguka nyumba. Daktari akasema hapana. Clem alikuwa anakohoa kwa harufu ya sabuni mpya tu. Kumtoa Clem kwa siku nyingi mpaka harufu iishe? Akitoka nyumbani, mahali pa kumpokea na mashine zake ni hospitali, na hospitali ilikuwa imeshasema, akiingia tu anapelekwa Adelaide. Basi dawa haiwezekani, na Clem hatoki.

Njia ya pili ni kukiendea kiota chenyewe. Noelene alijua kilipo. Nyuma ya nyumba, kwenye uchochoro, kuna mkaratusi mkubwa wa zamani. Mchwa walikuwa wanatoka ndani ya moyo wa mti ule. Tundu moja la kidole kwenye shina, dawa ndani, mchezo umekwisha. Harufu isingefika kwa Clem.

Lakini mnaijua miti ile. Ule si mti wa mtu kuamkia na kutoboa. Una wenyewe, Waarrernte, wenyeji wa asili wa nchi hii, na kwao ni mtakatifu, na kwa upande ule msemaji wao ni jirani yake Noelene, Delphine Stubbs. Wamekaa ua kwa ua miaka yote. Noelene akaenda kwa Delphine, akamkuta anaanika nguo.

"Delphine, nataka kutoboa mti. Tundu moja tu. La kidole."

Delphine akaendelea kuanika. "Na mimi nikutoboe wewe tundu moja tu? La kidole?"

"Clem anakufa, Delphine."

"Najua anakufa. Namsikia akikohoa nikiwa jikoni." Akaweka chini kapu la nguo. "Dada, ungeniomba gari ningekupa. Ungeniomba figo ningefikiria. Mti ule si wangu nikupe. Ni wa mama zangu wote. Nikikubali leo, nitawaangalia vipi?"

Noelene alikuwa na keekee ndani ya pikapu. Petrina anasema mama yake alikiri hilo baadaye. Alikaa mle ndani ya gari mbele ya mti, keekee mapajani, vioo vimefungwa, joto la kuivisha mkate. Angeweza. Uchochoro ulikuwa mtupu. Kisha akairudisha keekee mahali pake. Hakuogopa kunyang'anywa leseni. Alisema hivi: "Ningetoboa, halafu jioni Delphine angekuja na chai ya Clem kama kawaida. Ningemtazamaje?"

Na kweli, jioni Delphine alikuja. Akamwambia Clem, "Mzee, nimemkatalia mkeo mti." Clem akasema, "Ungemkubalia ningekuhama." Delphine akamwambia, "Basi hamia kwangu. Nina chumba." Clem akasema, "Nakupenda, Delphine, lakini wajukuu zako watang'oa mirija yangu waone kama nitalia."

Ikabaki njia ya tatu. Chambo. Noelene aliweka visanduku vya chambo kwenye njia ya mchwa, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Chambo hakina harufu. Lakini chambo kinataka muda. Ni lazima mchwa wale, wabebe, walishane, mmoja kwa mmoja, hadi kwa malkia wao. Miezi. Na siku zote hizo, usiguse.

Clem hakuwa na miezi. Kila wiki alikuwa anapungua. Noelene alikuwa anafungua kisanduku, anatazama, wamekula kidogo. Anafunga. Anamgeuza Clem ubavu. Anamlisha uji. Anarudi kwenye kisanduku. Ukutani udongo unapanda. Ukiinamisha sikio kwenye fremu ile unawasikia. Sauti ndogo, kama mvua ya mbali. Noelene alimwambia binti yake, "Nilikuwa namsikia baba yako anavuta pumzi upande huu, na wao wanakula upande ule. Na mimi nimekaa katikati nimekunja mikono."

Siku moja mchana, Clem alikuwa na kikohozi kibaya, damu kidogo kwenye leso. Alipotulia akalala. Noelene akageuka, akaona udongo umefika juu ya kitanda, karibu na dari.

Akagusa.

Wasikilizaji wapendwa, mwanamke yule aliyetukataza sote kwa maisha yake yote, aligusa. Aliubomoa udongo kwa kucha. Wote, kutoka dari hadi sakafu. Akawaponda mchwa kwa viganja, akawakanyaga, akaung'oa na ubao wa fremu, akautupa dirishani. Clem akaamka akamkuta amepiga magoti, mikono ina udongo hadi viwikoni.

Akamtazama. Akasema polepole, "Nole. Umegusa."

"Nimegusa."

"Njoo hapa."

Akaenda. Petrina anasema siku hiyo mama yake alilia. Hakukuwa na vyombo vya kuosha.

Baada ya hapo, kimya. Fremu kimya, ukuta kimya. Chambo hakikuliwa tena. Wiki zikapita, na Noelene, mkandarasi mwenye leseni, akaanza kuamini kitu ambacho asingemruhusu mteja akiamini. Kwamba wameondoka.

Hawakuondoka. Walihamia juu.

Aliyegundua ni muuguzi aliyekuwa anakuja kumwosha Clem. Aliinua macho, akaona dari imeshuka tumbo. Juu yake kulikuwa na boriti kuu, na juu ya boriti, kwenye bati, mashine kubwa ya kupoza hewa iliyojaa maji. Muuguzi alikuwa mtu mwema. Akasema, "Noelene, siwezi kuficha hili. Ikimwangukia je?" Akaja mkaguzi wa majengo. Akapanda, akachoma boriti kwa kidole. Kidole kikaingia. Boriti ile ilipita juu ya nyumba nzima, kwa hiyo hakukuwa na chumba cha kuhamia. Akasema chini ya paa hili halali mtu. Na bila mahali salama, wauguzi hawaji. Na wauguzi wasipokuja, ni Adelaide.

Ndege ikapangwa. Alhamisi.

Petrina alikuja kutoka Darwin kumsindikiza baba yake. Alifika Jumanne asubuhi na mkoba wake begani, akamkuta mama yake juu ya nyumba.

"Mama! Umepata wazimu?"

"Bado. Nipe nyundo hiyo."

"Shuka!"

"Petrina, wamesema hawezi kulala chini ya paa hili kwa sababu litamwangukia. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Basi lisipokuwepo litaangukaje?"

Petrina aliniambia kwamba alisimama pale uani, hajui acheke au apige simu polisi. Kutoka upande wa pili wa ua alimsikia Delphine akiwaita wapwa zake, wanaume wazima wanaofanya kazi za ujenzi. "Nyie! Bibi yule ataanguka afe kabla ya mumewe. Nendeni." Wakaja na ngazi.

Clem walimtoa kwa muda, kitanda na kila kitu, wakamweka uani kwa Delphine, waya wa umeme umepita juu ya ua. Alilalamika kwamba wamemgeuza upande asikoona mchezo. Mashine ya kupoza hewa ikashushwa. Bati zikashushwa. Boriti ikashuka vipande vipande, nyepesi kama mkate uliokauka. Vipande vya dari vikafagiliwa. Jioni chumba kilikuwa kuta nne na mbingu. Wakamrudisha Clem mahali pake. Akatazama juu. Kisha akasema, "Nole, kazi safi. Ila umesahau kipande kimoja pale kona."

Jumatano mkaguzi akarudi. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Bi Kotzur, chumba hiki hakina paa."

"Ulisema paa ni hatari. Nimeiondoa hatari."

"Sikumaanisha hivyo."

"Kuta je?"

Akazikagua. Kuta zilikuwa za matofali, nzima. Akauliza, "Na mvua ikinyesha?"

Clem ndiye aliyejibu, kutoka kitandani. "Hapa jangwani? Mwezi wa tano?"

Mkaguzi akacheka, akaandika kwamba hatari imeondolewa, akamsalimia mgonjwa, akaenda zake. Ndege ya Alhamisi iliondoka bila Clem.

Natamani ningeishia hapo, wasikilizaji wapendwa. Lakini Noelene mwenyewe hakuishia hapo, nami sitamdanganyia.

Mwezi wa tano kwetu mchana ni mzuri, alfajiri ni baridi ya kuuma mifupa. Mchana walikuwa wanamtandia Clem turubai, jioni anaomba litolewe. Blanketi juu ya blanketi, chupa za maji ya moto miguuni. Clem Kotzur alifariki alfajiri moja, kitandani kwake, ndani ya kuta zake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Alifia nyumbani. Ahadi ilitimia.

Lakini kabla hajafa alitetemeka. Noelene alipanda kitandani akamlalia kumpa joto, na bado alitetemeka. Na Noelene aliubeba mtetemeko ule. Alimwambia Petrina, tena na tena, "Sijui kama ni mapafu au ni baridi yangu. Angekuwa Adelaide angekuwa na paa." Petrina akamwambia, "Mama, ndicho alichotaka." Noelene akamjibu, "Alitaka nyumba yenye paa. Paa nililipoteza mimi. Niligusa."

Hakuja tena studioni. Nilimwalika, alikataa. Alisema, "Nitawaambia nini watu?" Hakulirudisha paa. Alihamia chumba cha kupanga, ghorofani, akaacha kazi. Watoto wakimpigia kelele ile barabarani, alikuwa anageukia upande mwingine.

Kisha mapafu yake yakaanza kuugua. Unga ule ule wa ndoo na kijiti. Mwezi uliopita alipandishwa ndege ya wagonjwa. Adelaide.

Petrina alikuwa naye. Maneno haya aliniruhusu niyaseme hewani, kwa hiyo nayasema kama alivyoyasema.

"Mama alitaka kurudi Alice. Hakusema nyumba gani. Alitaka tu kurudi. Kila asubuhi akifungua macho ananiuliza, 'Leo?' Mimi nilikuwa nimeshahangaika na madaktari, na watu wa ndege, na huko Alice hakuna mahali pa kumpokea, chumba chake kiko ghorofani, mashine haipandi. Nikawa namwambia, 'Kesho, Mama.' Anafumba macho. Asubuhi tena, 'Leo?' 'Kesho.' Yeye aling'oa paa kwa mikono yake kwa ajili ya baba. Mimi sikuweza kupata hata kitanda kimoja ndani ya ndege. Jumanne alifungua macho, akanitazama, hakuuliza."

Noelene Kotzur amefariki Jumanne, hospitalini, huko Adelaide. Alikuwa mkandarasi wa kuua wadudu, mwenye leseni, hapa Alice Springs. Mwili wake unarudi kesho kwa barabara. Delphine na wapwa zake wamekwenda kuupokea njiani. Atazikwa Jumamosi asubuhi, kando ya Clem.

Petrina, najua unasikiliza. Pole sana. Mji mzima unakupa pole. Delphine, pole, umepoteza jirani wa ua. Sina neno la kukuondolea lawama unayojitwika, Petrina. Mama yako hakupata la kujiondolea yake, na alikuwa na nguvu kuliko sisi sote. Nakuomba tu usihame mbali nasi kama alivyohama yeye. Njoo tukae.

Na ninyi wasikilizaji wapendwa. Huenda kuna mtu nyumbani kwenu, chumba cha pili, anayeuliza jambo, na kila siku mnamwambia kesho. Kipindi bado kina dakika chache, lakini msinisubiri. Zimeni redio. Nendeni mkamsikilize.